Matuta ya Pangoni

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu. Najua unasoma, lakini nitakueleza kana kwamba umekaa mbele yangu, maana ndivyo nilivyozoea. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, na mwalimu wa watu wazima hujifunza mapema kwamba asipoeleza jambo kuanzia chini, wanafunzi wake watamwitikia "ndiyo, Mwalimu" kwa adabu kubwa, kisha waende nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kabla sijakuingiza pangoni nitakueleza kwanza tuta la Kifipa. Usiwe na haraka. Ukishalielewa tuta, pango halitakusumbua.

Mahali pengi tuta ni mstari mrefu wa udongo. Juu ya uwanda wa Ufipa tuta ni la duara, kama chungu kikubwa kilichofunikwa kifudifudi. Mvua zinapokaribia kwisha na ardhi ingali laini, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akayageuza nyasi ziangalie ndani, akayapanga kwa kuzunguka mpaka juu. Wenyewe huliita intumba. Humo ndani nyasi zinaoza taratibu, na mvua za msimu mwingine zikifika mkulima hulitawanya na kupanda ulezi au mahindi kwenye udongo ulioshiba. Siku nilipofika kutoka Mbeya na sanduku langu la bati, niliangalia bonde zima limejaa vile vichuguu, nikauliza kwa sauti ya upole makaburi yale ni ya nani. Balozi wa nyumba kumi aliyekuja kunipokea alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni ya nyasi, Mwalimu," alisema. "Tunazizika, halafu zinafufuka ulezi."

Sasa jambo la pili, nalo ni fupi. Katika shamba la ujamaa kazi ya mtu ilipimwa kwa matuta. Katibu wa kijiji hakuuliza umetoka jasho kiasi gani. Alipita jioni na fimbo yake, akaanzia mwanzo wa shamba, akagusa kila tuta na kuhesabu. Mwenye matuta alifanya kazi. Asiye na tuta alikuwa mvivu, hata kama mgongo wake ulikuwa haunyooki. Ilikuwa njia ya haki na kila mtu aliielewa. Liweke hilo akilini, tuendelee.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa bondeni, walikoishi wametawanyika kando ya kijito, wakawekwa juu kwenye ukingo wa uwanda, kwenye mistari iliyonyooka, ili maendeleo yakija yasipotee njia. Shule ilikuja. Zahanati iliahidiwa. Maji yalibaki bondeni, kwa sababu hakuna aliyeyaamuru yahame. Wanawake walishuka alfajiri na ndoo tupu na kupanda jua likiwa limepanda pia, na mimi niliposomesha mchana darasani kwangu mlikuwa na akina mama waliolala wamekaa, macho wazi, kalamu mkononi.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja ambaye wote tulimwita Bibi. Nyumba yake ya bondeni ilikuwa imeezuliwa siku ya kuhama. Hii ya juu aliijenga karibu yote kwa mikono yake, akaisiliba kwa udongo mweupe alioubeba kutoka mbali, na ukuta wa nyuma ulikuwa bado haujamalizika. Kila jioni alisimama mbele ya ukuta ule akiuangalia jinsi mwingine anavyoangalia ng'ombe wake.

Ndipo akaja afisa kutoka wilayani, kijana nadhifu, kwa Landrova. Mkutano ukaitishwa uwanjani. Akatuambia kwamba amepita vijiji vingi, na kijiji kisicho na maji si kijiji bali ni kambi. Angerudi kabla ya mvua za kwanza. Akikuta hali ni ileile, tungehamia kule barabarani, ambako bomba lilikuwa linapangwa.

Bibi alinyoosha mkono, akasimama.

"Shikamoo, Bibi," alisema afisa, kwa maana alikuwa amelelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali dogo. Nyumba ya kwanza nimeiacha, ilikuwa karibu na maji. Hii mnataka niiache, iko mbali na maji. Hiyo ya tatu niijenge wapi ili nisikosee tena?"

Watu walicheka, kisha wakaangalia chini.

"Hoja nzuri sana, Bibi," alisema afisa. "Itafanyiwa kazi."

Landrova ilipoondoka, Bibi aliingia ndani bila kuuangalia ukuta wake. Hapo nikajua kwamba ameogopa. Alikuwa amefika umri ambao mtu hajengi nyumba nyingine. Akitolewa hapa, angemalizia siku zake kwenye kona ya jikoni kwa mtoto wa ndugu, akiulizwa kila asubuhi kama amelala salama.

Sasa tufike pangoni. Chini kidogo ya kijiji, kwenye mteremko, palikuwa na tundu katika mwamba ambalo wachunga mbuzi walilijua. Ukiinama unaingia kwenye ushoroba mwembamba, mrefu kama kanisa la kigango, halafu unagota kwenye kizuizi cha udongo na mawe kilichojaa mpaka darini. Wakati fulani wa zamani sehemu ya juu ilikuwa imeporomoka. Lakini kupitia ufa mmoja juu ya kile kizuizi ulitoka upepo wa baridi, na ukiweka sikio ulisikia kitu kinadondoka, kikitulia, kikidondoka tena. Kila aliyekulia pale aliwahi kuweka sikio. Hakuna aliyewahi kuweka jembe, kwa kuwa zamani maji yalikuwa mlangoni.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mkubwa, kwa sauti na kwa tumbo, mwenye moyo mzuri na hotuba ndefu. Alitangaza kwamba pango litachimbwa kwa nguvu za wananchi. Ikaundwa kamati. Ilipomaliza kujadili nani awe kwenye kamati, wachimbaji wakachaguliwa chini ya balozi, mtu mrefu mwembamba ambaye angepita popote. Nami nikachaguliwa kwa sababu karabai ya darasa la watu wazima ndiyo ilikuwa taa pekee ya maana kijijini, na mimi peke yangu nilijua kuipiga pampu bila kuilipua.

Siku ya kwanza walichimba vizuri kabisa. Walijaza udongo kwenye makarai, wakautoa nje na kuumwaga, nao ukaporomoka kwenye mteremko mpaka kusikojulikana. Jioni Katibu akaja na fimbo yake. Akaangalia mlangoni. Akaangalia ndani.

"Matuta yako wapi?" aliuliza.

"Udongo tumeumwaga, Ndugu Katibu," alisema balozi. "Umekwenda chini huko."

"Mimi siwezi kuhesabu kilichokwenda. Nahesabu kilichopo."

"Lakini si unaona shimo?"

"Shimo ni mahali ambapo hapana kitu, Ndugu Balozi. Nitahesabuje pasipo na kitu?"

Usimcheke upesi. Fikiria ungekuwa wewe. Alikuwa na kipimo kimoja, na watu wa wilayani nao walikijua hichohicho. Wachimbaji wakaandikwa kwamba hawakufanya kazi, na wewe pia, baada ya siku kama hiyo, ungefanya walichofanya kesho yake. Kwa kuwa nje kulikuwa na mteremko ambao tuta halikai, waliacha kutoa udongo. Wakajenga matuta ndani ya pango.

Kwanza yalikuwa marundo tu. Kosa lingeweza kuishia hapo, maana rundo husukumwa kwa mguu. Lakini Bibi alikuja na wenzake kuleta uji, akainama, akachungulia kwa mwanga wa karabai yangu.

"Hii ni nini?"

"Matuta, Bibi."

"Matuta? Mimi naona kinyesi cha tembo. Nyasi ziko wapi? Nani kawafundisha kulima nyinyi, huyu Mwalimu wa Mbeya?"

Mwanamume wa Ufipa unaweza kumwambia kwamba hajui kusoma na atakuja darasani akitabasamu. Huwezi kumwambia hajui kujenga tuta, tena mbele ya wanawake. Asubuhi yake walikuja na mizigo ya nyasi vichwani, wakaipeleka ndani. Wakajenga matuta ya kweli, ya duara, nyasi zimeangalia ndani, yamepigwapigwa kwa bapa la jembe mpaka yakang'aa. Yalipangwa kwa mistari pande zote mbili za ushoroba, katikati wakaacha njia. Bibi aliyakagua na kusema sasa anaona watu wazima. Katibu aliyahesabu kwa furaha, akianzia mlangoni kama kawaida. Mimi mwenyewe nilileta darasa langu pale tujifunze kuhesabu kwa makumi, na naweza kukuambia kwamba sijawahi kuwa na vifaa vizuri zaidi vya kufundishia.

Mambo yakaenda hivyo. Kila walivyosogea mbele, njia ya nyuma ilizidi kuwa nyembamba, na hakuna aliyeangalia nyuma, kwa sababu upepo wa mbele ulikuwa unaongezeka. Balozi, aliyekuwa akiufuata ule upepo, alichekwa kwamba anachimba kwa pua.

Asubuhi moja mtaimbo wake ulizama ghafla. Ulizama wote, mkono wake ukafuata mpaka begani. Alipouchomoa, upepo ulitoka kama mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu zamani za mababu. Karabai yangu ikazimika, na kile kisoksi chake cha kutoa mwanga kikavunjika vipandevipande. Gizani nikamsikia balozi akisali Salamu Maria kwa kasi. Nilikuwa na kisoksi kingine, nilichokuwa nimeagiza kutoka dukani Majengo, mjini, nikakifunga kwa kupapasa, nikawasha. Kulikuwa na tundu dogo, na nyuma ya tundu weusi usio na ukuta.

"Twende!" alisema mchimbaji mmoja.

"Ngoja," alisema balozi. "Huwezi kugundua kitu Mwenyekiti hayupo."

Akaitwa, naye akaja na Katibu. Mwenyekiti alipita kati ya matuta kwa ubavu, akiomba radhi kwa kila tuta, kama mtu aliyechelewa misa anavyopita kati ya mabenchi. Alipofika kwenye tundu, sote tuliliangalia tundu, kisha tukamwangalia yeye. Wachimbaji wakaanza kulipanua. Walilipanua sana, maana kazi ilihitaji, na udongo wote uliotoka pale wakaujengea matuta mazuri palepale nyuma yetu, mahali pekee palipokuwa pamebaki. Katikati ya njia.

Umeona lililotokea? Sisi hatukuliona. Tulikuwa tunaangalia mbele.

Tukaingia mmoja mmoja. Nilipoinyanyua karabai, nilisahau kupumua. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia, darini mwamba umejikunja kama kiganja, na popo wakahama kwa pamoja kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuamriwa. Chini, hatua chache tu kutoka kwenye tundu, palikuwa na maji. Yalikuwa yametulia, maangavu hata nikadhani ni sakafu, mpaka tone likaanguka na sakafu ikatikisika. Balozi alipiga magoti, akachota kwa viganja, akanywa, akafunga macho. Kisha akaanza kucheka, nasi tukacheka, na chumba chote kikacheka nyuma yetu.

Hapo Mwenyekiti akagundua mwangwi.

"Umoja!" aliita.

"Umoja!" pango likajibu, kutoka kila upande.

Uso wake ulibadilika. Kwa muda wote wa uongozi wake alikuwa hajawahi kuitikiwa namna ile. Uwanjani kijijini watu waliitikia huku wakifukuza nzi. Alijinyoosha, akashika ukosi wa koti.

"Kazi!"

"Kazi! Kazi!"

Alitoa hotuba yote, pamoja na sehemu ya mbolea. Pango halikupinga hata kipengele kimoja. Tulipiga makofi, na yakawa ya uwanja uliojaa.

Hotuba ilipokwisha, tukageuka turudi. Balozi alitangulia kwenye tundu, akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema polepole, "njia imelimwa."

Ilikuwa kweli. Mbele yetu yalisimama matuta bega kwa bega, ukuta hadi ukuta, na juu yake uwazi ambao paka angepita akiwa hajala.

"Tubomoe," alisema mchimbaji mmoja, akainua jembe.

"Hapana!" Katibu alimshika mkono. "Hayajahesabiwa."

"Basi yahesabu, Ndugu Katibu."

"Kutokea huku? Hesabu huanzia mlangoni. Nikianzia huku nitajuaje lipi la kwanza?"

"Na kuna lile azimio," alisema Mwenyekiti kwa huzuni. "Tulipitisha wenyewe uwanjani. Kubomoa tuta la ujamaa ni kuhujumu kijiji."

Basi tukafanya kikao. Usifikiri natia chumvi. Watu waliozoea vikao hufanya kikao popote. Mwenyekiti alikaa juu ya jiwe, akafungua mkutano, na mwangwi ukafungua wa kwake. Ajenda ilikuwa moja. Balozi alipendekeza lile azimio litafsiriwe kwamba linahusu matuta ya juu ya ardhi. Katibu akauliza kama kuna mkutano mkuu uliokasimu madaraka hayo. Karabai ilianza kulia, na nilipoipiga pampu nilisikia mafuta yamebaki kidogo, nikanyamaza nisiwatie hofu. Mchimbaji mmoja aliyekuwa kimya siku zote akainua mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, kwa nini tusihamie huku moja kwa moja? Maji yapo."

Hakuna aliyecheka. Nadhani wengine walikuwa wanalifikiria.

Ndipo tukasikia sauti kutoka ng'ambo ya matuta. Ilikuwa ya Bibi. Wanawake walikuwa wameleta chakula, wakakuta mlima.

"Nyie! Mko hai?"

"Tuko kwenye kikao, Bibi!" Katibu alijibu.

"Maji yapo?"

Swali lile lilitoka kwa sauti nyingine, ndogo, na mimi niliyeishi naye nilijua anauliza nini. Alikuwa anauliza kuhusu ukuta wake.

"Yapo!" nilipiga kelele. "Bibi, yapo mengi!"

Kibuyu kikatokea juu ya matuta, kimening'inia kwenye mpini wa jembe. Balozi alikijaza, tukakirudisha. Tulimsikia akinywa. Tulisikia hata alivyomeza.

"Baridi," alisema. "Yana ladha ya jiwe." Halafu tukasikia jembe likiingia kwenye udongo.

"Bibi, usibomoe!" Katibu alilia. "Hayajahesabiwa!"

"Nahesabu, mwanangu, nahesabu. Mwalimu si amenifundisha? Hili moja. Hili lingine. Hili lingine tena."

Wanawake walikuwa na vikapu vyao. Walichimba, wakajaza, wakabeba nje, na hawakumwaga mteremkoni. Wanawake wa Ufipa hawatupi tuta. Ule udongo ulikuwa mweusi, umechanganyika na mavi ya popo wa miaka yote, na nyasi za ndani zilikwisha kuanza kuoza kwa unyevu. Kila mmoja alipeleka kikapu nyuma ya nyumba yake, akarudi mbio kuchukua kingine kabla jirani hajamaliza. Hawakutuokoa sisi, waligombania mbolea, sisi tukatokea katikati. Mwenyekiti alitolewa wa mwisho, kwa kuvutwa mikono. Alipofika kwenye jua alipangusa matope, akaushukuru umoja wa akina mama wa kijiji kwa kutekeleza azimio la kikao. Katibu alipeleka taarifa wilayani kama alivyotakiwa: idadi ya matuta yaliyolimwa kiangazi hicho, yote aliyokuwa ameyagusa kwa fimbo. Taarifa za namna ile hazikuwa na mahali pa kuandika pango.

Wanawake waliendelea kuchota maji pangoni, na maji yaliyobaki jioni wakaumwagia ule udongo. Bibi alipanda maboga na maharage chini ya ukuta wa nyuma. Uwanda wote ulipokuwa wa rangi ya kahawia, nyuma ya nyumba zetu palikuwa kijani. Lakini Bibi hakusiliba ukuta. Alisema hatii udongo wake kwenye nyumba ambayo bado ina maswali.

Siku ilifika. Landrova ilisimama, afisa akashuka. Tulikuwa tumejipanga kumpeleka pangoni. Njia ilikuwa imefagiliwa, karabai imejazwa.

"Nimekuja kuona matuta," alisema.

"Matuta?" aliuliza Mwenyekiti.

"Matuta ya kiangazi. Hakuna kijiji kilichotuletea idadi kama hiyo. Wilaya nzima inayazungumzia. Yako wapi?"

Mwenyekiti alimwangalia Katibu. Katibu alimwangalia balozi. Balozi aliangalia mawingu. Nikaona mkono wa Bibi umeshika upindo wa kanga na kuukunja.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Afisa alisimama mbele ya maboga kwa muda mrefu. Akachukua udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo yenyewe. Tumeyatawanya, tumepanda. Tuta ni la kulimia, au wilayani mnayaacha yakae?"

"Hapana, hapana. Ni sahihi. Na mnamwagilia na nini?"

"Na maji."

"Ya wapi?"

"Ya pangoni."

"Ahaa," alisema afisa, akarudi kwenye maboga. Bibi alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Alikunywa yote, akarudisha kikombe kijazwe, akanywa tena, huku akieleza kwamba itakuwa kosa kubwa kuhamisha kijiji chenye kilimo cha mfano, maana nani atayaangalia haya maboga? Tungebaki. Hata angeleta vijiji vingine vije kujifunza.

Mlangoni pa Landrova alikumbuka jambo.

"Ila hilo suala la maji," alisema, "mlishughulikie."

"Tutajitahidi, mwanangu," alisema Bibi.

Vumbi halijatulia nilimkuta ameshapiga magoti karibu na ndoo, anakanda udongo mweupe kwa maji ya pangoni. Aliusiliba ukuta wa nyuma mpaka ukakamilika, mikono miwili, na mimi nikamshikia ndoo.

Basi, msikilizaji wangu, ukichimba mahali popote, iwe kisima, choo au pango, udongo wa kwanza utoe nje, uupeleke mbali na mlango, ndipo uchimbe wa pili.